Wakisema "karibuni sana", hawajakujibu bado

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Njombe, ninaishi Saint Paul, Minnesota, mwaka wa kumi na moja sasa. Usharika wetu huku ni wa Wamarekani, nao una usharika rafiki mkoani Iringa. Julai tunapeleka watu 14 kwa siku 12: wauguzi wawili, walimu watatu, mkulima mstaafu, fundi umeme mstaafu, vijana sita wa sekondari, na mimi. Kila mmoja analipa dola 3,400. Mpango uliopo ni kupaka rangi madarasa mawili, kliniki ya bure siku tatu, na kutwa nzima kwenye kituo cha watoto yatima. Nimefanywa mkalimani na kiongozi msaidizi. Nikiwauliza wenyeji kama mpango unawafaa, wananijibu "karibuni sana, njooni tu". Moyo wangu hautulii. Naogopa kuwavunja moyo wazungu wangu, na naogopa kuwaaibisha ndugu zangu. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na Bwana Yesu asifiwe. Mimi nimekaa upande wa kupokea. Miaka 19 nilikuwa naratibu wageni wa kanisa, yaani yule mtu anayesimama mbele ya kwaya na maua mkononi huku kichwani anapiga hesabu ya mbuzi na magodoro. Nitakujibu kutoka hapo.

Hiyo "njooni tu" unaijua vizuri kuliko mtu yeyote katika kikundi chenu. Ni adabu. Mzee wa kanisa akimwambia mgeni "hiyo kliniki hatuihitaji" ni sawa na kumfungia mlango, na hakuna mzee wa Iringa atakayekubali kubeba sifa hiyo. Halafu kuna jambo ambalo halitajwi. Usharika rafiki ndio uliochangia mabati, ndio unaolipia ada za watoto kadhaa wa sekondari. Wenyeji wanajiuliza: tukikataa rangi, je, ada zitakuja mwakani? Kwa hiyo wanasema karibuni, na wanamaanisha karibuni. Lakini wewe uliuliza kuhusu mpango, na juu ya mpango hawajasema neno.

Nikupe mfano. Tulipokea kikundi kilichokuja kupaka rangi shule, watu wazuri, wachangamfu, walioimba tangu asubuhi. Walinunua rangi ya maji wakapaka ukuta mzima kuanzia chini hadi juu. Fundi wetu alikuwa amesimama pembeni. Alijua, kama kila fundi wa shule anavyojua, kwamba sehemu ya chini ya ukuta wa darasa hupakwa rangi ya mafuta ili ifutike, kwa sababu watoto huegemea na mikono yao ina vumbi na chaki. Hakusema. Kulikuwa na kamera, na mchungaji alikuwa anatabasamu. Walipoondoka tukamlipa fundi yule yule akwangue na kurudia. Wageni hawakuambiwa, na mimi nikiwa mmoja wa walionyamaza. Mwaka uliofuata wakarudi na rangi nyingine.

Kazi yako basi si kutafsiri "karibuni" kuwa neno la Kiingereza. Kazi yako ni kuuliza swali ambalo mtu anaweza kulijibu bila kuona haya. Mimi nimeona maswali mawili yakifanya kazi. La kwanza: "Fedha hizi zingekuja bila watu, mngezifanyia nini?" La pili, ambalo watu husahau: "Na watu hawa wangekuja bila fedha, mngependa wafanye nini?" Usiyaulize kwenye kikao cha baraza la wazee mbele ya mchungaji. Mpigie mama mmoja wa Umoja wa Wanawake ambaye ndiye atakayewapikia. Mpigie mwalimu mkuu wa shule. Mtafute fundi. Zungumza kwanza habari za mvua na misiba, kama tunavyofanya, halafu uliza ukiwa unazungumza kama mtoto wa nyumbani, usiwe mjumbe wa Wamarekani.

Swali la kwanza litakuumiza kidogo, kwa hiyo jiandae na hesabu. Watu 14 kwa dola 3,400 ni dola 47,600. Kwa kukadiria dola moja kwa shilingi 2,500, hizo ni shilingi milioni 119. Mwaka 2021 serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa mkopo wa UVIKO, darasa moja lilipangiwa shilingi milioni 20. Bei zimepanda tangu hapo, lakini hata ukizipandisha, safari yenu ni madarasa manne au matano yaliyokamilika. Na nyinyi mnakwenda kupaka rangi mawili.

Sikuambii msiende. Kuna watu huisoma hesabu hiyo wakasema tutume fedha tukae nyumbani, na nimeshaona yanayofuata: fedha hutumwa mwaka mmoja, wa pili zinapungua, wa tatu hakuna anayekumbuka jina la usharika. Aliyekula ugali kwa watu hawasahau upesi. Ushirikiano wa Walutheri wa Minnesota na Dayosisi ya Iringa umedumu tangu miaka ya 1980 kwa sababu watu wamekwenda na kurudi. Ila hesabu hiyo iwekeni mezani huko Saint Paul, muione wote. Ikishaonekana, hakuna atakayesema tena kwamba mnakwenda "kuwasaidia kujenga". Mnakwenda kuonana. Kuonana ni sababu halali kabisa, na gharama yake ni hiyo.

Jambo lingine ambalo napenda wageni walijue kabla hawajapanda ndege: KKKT, kanisa letu la Kilutheri Tanzania, ina waumini zaidi ya milioni 7. Kanisa lenu la Kilutheri huko Marekani, ELCA, lina chini ya milioni 3, na linapungua. Mdogo anakwenda kumtembelea mkubwa. Ukilisema hilo kwenye kikao chenu cha maandalizi, kwa upole, utaona watu wakikaa vizuri kwenye viti.

Sasa mpango wenyewe. Rangi iacheni kwa fundi. Toeni fedha ya rangi na ya ufundi, msaidizi wake alipwe, na kama vijana wenu wanataka kushika brashi wawe saidia fundi kwa asubuhi mbili chini ya amri yake. Amri yake, nasisitiza. Akisema hapa rudia, mtoto wa Minnesota arudie. Hilo lenyewe ni elimu. Na angalieni kalenda: shule zetu hufungwa mwezi Juni na kufunguliwa Julai. Mkifika shule ikiwa imefungwa mtapaka kuta za madarasa matupu na walimu wenu watatu hawatakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Mkifika imefunguliwa, darasa linalopakwa rangi halitumiki. Mwalimu mkuu ndiye apange.

Kliniki ndiyo inayonikosesha usingizi zaidi. Wauguzi wako ni watu wa kweli, lakini leseni ya Minnesota inaishia Minnesota. Muuguzi wa kigeni anayetaka kugusa mgonjwa Tanzania anahitaji usajili wa muda wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, na daktari ana baraza lake. Dawa zinazoingizwa nchini, hata za msaada, zinahitaji kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani juu ya dawa za msaada unataka ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda zinapofika. Zile chupa zilizokusanywa kwenye makabati ya waumini zikiwa zimebakiza miezi mitatu, ziacheni huko huko.

Karatasi hizo zote zinaweza kupatikana mkianza mapema. Kinachobaki ndicho kigumu. Mama wa miaka 60 anakuja, anapimwa presha, iko juu sana. Anapewa vidonge vya siku 30. Nyinyi mnaondoka siku ya 12. Siku ya 31 anakwenda wapi? Na wiki mbili kabla hamjafika, watu wameacha kwenda zahanati wakisubiri dawa za bure za wazungu, kwa hiyo zahanati inayowahudumia mwaka mzima imekosa mapato yake kidogo na heshima yake nyingi. Nimeona mganga wa zahanati akisimama mlangoni mwake mikono nyuma, anaangalia foleni ya mahema ng'ambo ya barabara. Hakualikwa hata chai.

Kwa hiyo waambie wauguzi wako waombe kukaa ndani ya zahanati hiyo hiyo, kama wageni wa mganga, siku zile tatu. Waone daftari la wagonjwa, waulize nini huisha kwanza kwenye rafu, waone mwanamke anavyosafirishwa kwa bodaboda akiwa na uchungu. Watarudi Saint Paul wakijua cha kuchangia. Kama ni mashine ya kupimia presha, mtainunua Dar es Salaam kwa ushauri wa mganga, na betri zake zinapatikana Iringa mjini.

Msiende siku moja kwenye kituo cha watoto. Hapa sitazunguka. Watoto wengi wanaoishi vituoni duniani wana mzazi mmoja hai au wote wawili. Walichokosa ni ada na chakula. Palipo na wageni wengi wenye dola, vituo huongezeka, na watoto hutafutwa wa kuvijaza. Hili limefika hadi Umoja wa Mataifa; azimio la Baraza Kuu la Desemba 2019 juu ya watoto wasio na malezi ya wazazi liligusa wazi madhara ya watu wa kujitolea kwenye vituo. Na fikiria upande wa mtoto: wiki hii vijana sita wamembeba mgongoni, wamemlilia wakiondoka, mwezi ujao wanakuja wengine sita.

Kama ushirikiano wenu una uhusiano wa zamani na kituo fulani, muulize mwenye kituo akuonyeshe leseni yake chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, uliza afisa ustawi wa jamii wa wilaya anakijua, uliza ni watoto wangapi wamerudishwa kwa ndugu zao mwaka jana. Mtu anayefanya kazi hiyo vizuri hufurahia maswali hayo.

Wamarekani wenzako wakisema unazidisha, wakumbushe Haiti. Januari 2010, wiki chache baada ya tetemeko, watu 10 wa kikundi cha kanisa, wengi wao Wabaptisti kutoka Idaho, walikamatwa wakijaribu kuvusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila karatasi. Walisema ni yatima. Ikaonekana kwamba wengi walikuwa na wazazi hai. Walilala rumande, na habari zao zikazunguka dunia nzima. Na jirani zetu Uganda, mjini Jinja, Mmarekani asiye na mafunzo ya udaktari aliendesha kituo cha watoto wenye utapiamlo. Kati ya 2010 na 2015 watoto 105 walifia humo. Akina mama wawili walikwenda mahakamani mwaka 2019, na mwaka uliofuata shauri likamalizwa kwa makubaliano bila yeye kukiri kosa. Hakuna kati ya watu hao aliyeondoka kwao akiwa na nia mbaya. Ndiyo maana nazitaja.

Viza sasa, maana nimeona wengi wakijikwaa hapa. Raia wa Marekani anayekuja kutembea Tanzania hulipa dola 100. Anayekuja kufanya kazi ya muda mfupi, hata bila mshahara, anatakiwa viza ya biashara ya dola 250, isiyozidi miezi mitatu. Anayekaa kwa muda mrefu akijitolea huingia kwenye kibali cha ukaazi daraja C, pamoja na wamisionari. Tofauti ni dola 150 kwa kichwa, na hapo ndipo kikundi hujaribiwa kuandika "matembezi" huku kwenye mabegi kuna nyundo na vipimo vya damu. Afisa uhamiaji si mtoto. Mwenyeji wenu apeleke barua Uhamiaji mkoa inayoeleza ukweli wa ratiba, siku kwa siku, aulize aina ya viza, nanyi mfuate jibu. Kumbuka na wewe mwenyewe: kama umeshachukua uraia wa Marekani, Tanzania hairuhusu uraia pacha, kwa hiyo utapanga foleni na wenzako. Inauma, najua.

Mengine madogo nayapitia haraka. Anayeunganisha ndege Addis Ababa au Nairobi na kukaa uwanjani zaidi ya saa 12 ataombwa cheti cha homa ya manjano. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Droni bila kibali iacheni nyumbani. Nguo za ndani za mitumba haziruhusiwi kuingia, kwa hiyo yale maboksi ya nguo mchujeni, au msiyalete kabisa, mitumba tunayo. Mkipita Zanzibar mkimaliza, kila mmoja atalipa bima ya dola 44. Julai Iringa ni baridi, na wageni huja na kaptula kwa sababu ni Afrika. Barabara kutoka Dar ni kilomita 500 hivi na ina mlima Kitonga. Msisafiri usiku hata mchungaji akisema dereva ni mzoefu.

Fedha. Tangu Machi 2025 malipo ya ndani ya nchi ni kwa shilingi, kwa hiyo basi la kukodi na nyumba ya wageni visiwekewe bei ya dola. Mbebaji wa zaidi ya dola 10,000 taslimu lazima azitangaze anapotoka Marekani na anapoingia Tanzania, tumieni benki. Lakini bahasha ndiyo inayoharibu zaidi. Mgeni mwenye huruma humwita mtu pembeni, humpa dola 200 za ada ya mtoto, humwambia asimwambie mtu. Jioni kijiji kizima kinajua, na mwinjilisti ambaye hakupewa anaonekana ndiye aliyezila. Wekeni sheria kabla ya safari: hakuna kutoa chochote mkononi, kila zawadi inapita kwa mhasibu wa usharika, inasomwa kanisani, inaandikiwa risiti.

Chakula hakipo kwenye mpango ulioniandikia, na hilo lilinishtua kuliko kliniki. Watu 14 kwa siku 12, mara tatu kwa siku. Nani anapika, nani ananunua mchele, nyama ni ya nani? Nimeona usharika ukilipa deni la ugeni hadi Krismasi, wakiwa wamechinja ng'ombe aliyekuwa ada ya mtu. Peleka fedha ya chakula mwezi mmoja kabla, kwa jina la kamati ya akina mama, uwaambie ni utaratibu wa kanisa la huko. Ukisema ni msaada watakataa. Ukisema ni utaratibu, watakuandikia stakabadhi.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Vikundi hivi huja na jembe lao mkononi siku ya kwanza, hawajakaa hata kwenye mkeka. Omba siku mbili za mwanzo zibaki tupu kabisa kwenye ratiba. Wamarekani watahangaika, watakuuliza "tunafanya nini sasa?" Waambie wanakaa. Jumapili wataona mnada baada ya ibada: kuku, mayai, mkungu wa ndizi, sadaka ya wasio na fedha taslimu. Waache wanunue kuku kwa bei ya ajabu na kumrudisha apigwe mnada tena. Nimewahi kuona kuku mmoja akiuzwa mara tano, na kicheko cha siku hiyo kilifanya kazi ambayo semina zetu hazikuwahi kufanya.

Baada ya hapo swali lako la pili litajijibu. Yule mkulima mstaafu ni hazina. Minnesota na Iringa wote wanalima mahindi. Mpeleke shambani kwa mwenzake, wazungumze mbolea na bei, waonyeshane ghala, waongee sumukuvu. Atashangaa jembe la mkono linavyofanya, na mwenzake atashangaa kwamba hata mwenye trekta ana deni benki. Fundi umeme mpe hospitali ya jirani. Tuliwahi kupata mzee wa namna hiyo, hakujua Kiswahili zaidi ya "asante", akashinda siku tisa na fundi wa jenereta. Hawakujenga kitu. Walifungua na kufunga, fundi akiandika. Miaka minne baadaye nilikuta lile daftari kwenye rafu ya chumba cha jenereta, limejaa mafuta, bado linatumika.

Picha: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika Mei 2023, na picha ya mtoto inataka ridhaa ya mzazi. Kwa vijana wako weka kanuni rahisi zaidi: usipige picha ambayo usingependa mgeni ampige mdogo wako, kisha aiweke kwenye kipeperushi cha kuombea fedha.

Kuhusu kuwavunja moyo wazungu wako, sidhani utawavunja. Wengi niliowapokea walikuwa wakihisi ule wasiwasi wako bila kuwa na mtu wa kuwathibitishia. Usiende kwao na orodha ya makosa. Nenda na majibu ya yule mama, mwalimu mkuu na fundi, uyasome kwa maneno yao yenyewe, kisha ukae kimya. Wakija kukuuliza "kwa nini hawakutuambia?", waeleze habari ya mgeni na mlango.

Anza na yule mama. Jumamosi hii piga saa tatu asubuhi ya huko. Kwenu bado ni majira ya baridi, kwa hiyo kwao itakuwa saa kumi na mbili jioni, amerudi shambani na hajainjika ugali. Mkishasogeza saa zenu Machi, tofauti itapungua kuwa saa nane. Usimwambie ni kikao. Mwambie umepiga kumsalimu, na umsalimu kweli.